Je, Wajua? Kifandugu, Figa la Tatu la Mwili

Nilianguka mwezi wa nne, masika yamekolea, kwenye kijia kinachokatisha mashamba ya kabichi kuelekea Irente. Anayeijua milima ya Usambara anaujua udongo wake mwekundu: ukinyeshewa siku tatu mfululizo huteleza kama sabuni iliyolowa. Miguu ilitangulia, mwili ukabaki nyuma, nikatua kwa makalio juu ya mzizi wa mti. Sikupiga kelele. Sauti yenyewe haikutoka.

Bibi mmoja aliyekuwa akija nyuma yangu, tenga la karoti kichwani, alisimama.

"Pole, mwanangu. Umeumia wapi?"

"Kiuno, bibi."

Alitazama mahali nilipopashika, akatikisa kichwa. "Kiuno kiko huko juu. Hapo uliposhika ni kifandugu. Ukifika hospitali usiseme kiuno, watakutibu kiuno."

Miezi miwili na ushei iliyofuata nilikuwa na muda mwingi wa kusimama na kulala ubavu, na muda mchache sana wa kukaa. Nilisoma, nikauliza wahudumu wa afya, nikasikiliza waliowahi kuanguka kama mimi. Kumbe ni wengi. Haya ndiyo niliyoyakusanya.

Je, wajua kwamba kifandugu si mfupa mmoja? Ni pingili ndogo za mwisho kabisa za uti wa mgongo, kwa kawaida nne, ingawa wapo wenye tatu na wapo wenye tano. Baadhi yake huungana kadiri umri unavyosonga. Zikiwa pamoja hazifikii urefu wa kidole cha kati, na ncha yake imepinda kuelekea ndani. Kamusi zinakiita pia kitokono. Wagiriki wa kale waliona umbo lake linafanana na mdomo wa kekeo, wakakiita kwa jina la ndege huyo, na jina hilo ndilo ambalo madaktari wanalitumia hadi leo. Kama hujapata kumwona kekeo, mtazame tipitipi, ndugu yake wa ukoo mmoja, yule ambaye sauti yake ya maji yanayomiminika chupani watu huichukua kuwa dalili ya mvua. Utazame mdomo wake ulivyoinama. Ndivyo kifandugu kilivyo.

Je, wajua kwamba kila mmoja wetu amewahi kuwa na mkia? Katika wiki ya nne na ya tano ya mimba, kiumbe tumboni huwa na mkia mdogo ulio wazi kabisa. Kufikia wiki ya nane unakuwa umeyeyuka na kufyonzwa mwilini, na kinachobaki ni kifandugu. Ukipanda msitu wa Magamba, juu ya mji wa Lushoto, utawaona mbega na kima wakiruka kutoka tawi hadi tawi, mikia mirefu ikiwaweka sawa. Sokwe hana mkia, na sisi hatuna. Februari 2024 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa New York kuhusu jambo hilo: kipande kidogo cha chembe za urithi kilijipachika ndani ya jeni inayoitwa TBXT kwa mababu wa sokwe na binadamu, miaka ipatayo milioni 25 iliyopita, na mkia ukapotea. Watafiti walipowafanyia panya badiliko la namna hiyo, baadhi yao walizaliwa bila mkia au wakiwa na mkia mfupi. Lakini wengine walizaliwa na kasoro ya uti wa mgongo inayofanana na ile tunayoiita mgongo wazi. Nilisimama hapo katika kusoma. Watoto wenye mgongo wazi huletwa kutoka pembe nyingi za nchi yetu kutibiwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na hatari ya tatizo hilo hupungua mama akipata asidi ya foliki ya kutosha tangu kabla ya kushika mimba. Kwa hiyo mwisho wa uti wa mgongo si mahali pa kupuuzwa, tangu tumboni.

Je, wajua kwamba dini nazo zimekitaja? Katika Hadithi za Mtume Muhammad (S.A.W.) zilizopokewa na Abu Huraira, zilizomo katika Bukhari na Muslim, kifandugu ndicho sehemu ya mwili isiyoliwa na udongo, na kutoka hapo mwanadamu ataumbwa upya siku ya ufufuo. Mapokeo ya Wayahudi nayo yanataja mfupa mmoja mdogo wa mgongoni usioangamia, na baadhi ya wanazuoni wao wameuweka hukohuko chini. Mfupa wa pembetatu ulio juu ya kifandugu, Walatini waliuita mfupa mtakatifu. Sisi ndio tunaoona haya kukitaja.

Na hapa ndipo nataka kukaa kidogo.

Kiswahili chetu kina adabu. Kuna sehemu za mwili tunazozitaja na sehemu tunazozizunguka. Mtu akiumia kifandugu atasema kiuno, atasema mgongo, atasema "huku chini", na mgonjwa mwenye haya sana atasema nyonga. Mhudumu wa afya mwenye foleni ya watu hamsini ataandika alichosikia. Picha ya eksirei itapigwa kiunoni, kiuno kitaonekana kizima, mgonjwa atapewa vidonge vya maumivu na kurudi nyumbani, na miezi sita baadaye bado anakaa upande upande kwenye benchi. Nimekutana na watu watatu waliopita njia hiyo. Hakuna aliyewadhulumu. Neno moja tu halikusemwa.

Tena uchunguzi wenyewe una haya yake. Ili kujua kama kifandugu kimehama au kimelegea, daktari wakati mwingine hulazimika kuingiza kidole chenye glavu kwenye njia ya haja kubwa na kukishika kifandugu kwa ndani na nje. Ni uchunguzi wa dakika moja. Una haki ya kuelezwa kwanza, una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako au mtu wa kusimama nawe, na una haki ya kukataa. Lakini ukikataa, kataa ukijua unachokikosa.

Wanawake wanaumwa kifandugu mara tano zaidi ya wanaume. Fupanyonga la mwanamke ni pana, na kifandugu chake kimejitokeza nyuma zaidi, kwa hiyo akianguka ndicho kinachopokea kishindo. Kisha kuna uzazi. Mtoto anapopita, kifandugu husukumwa nyuma kumpisha, na mara nyingine hupitiliza, kikateguka au kikavunjika. Mama anaumia kila anapokaa kunyonyesha, na watu wanaomzunguka wanamwambia ni uchungu wa kawaida, utapita. James Young Simpson wa Edinburgh, daktari yuleyule aliyeanza kutumia klorofomu kuwapunguzia wanawake uchungu wa kujifungua mwaka 1847, ndiye aliyeyapa maumivu haya jina lake la kitabibu mwaka 1859. Alikuwa daktari wa uzazi kwa taaluma. Alisikia wanachosema wanawake. Ningependa kila kliniki ya mama na mtoto iwe na swali hili moja: je, ukikaa unaumia?

Je, wajua kwamba ukikaa, unakaa juu ya mafiga matatu? Mawili ni mifupa ya makalio, ile unayoihisi ukikalia viganja vyako. La tatu ni kifandugu. Ukiinama mbele kidogo, kama mtu anayechambua mboga, uzito unakwenda kwenye yale mawili. Ukijiegemeza nyuma, figa la tatu ndilo linalobeba chungu. Hii inaeleza jambo lililonishangaza siku za mwanzo: kigoda kigumu cha jikoni kiliniuma kidogo kuliko kochi laini la sebuleni. Kwenye kochi mwili unazama na kulala nyuma, kwenye kigoda mgongo unanyooka. Ukielewa mafiga haya umeelewa nusu ya tiba.

Maumivu makali kuliko yote huja wakati wa kuinuka. Mwalimu mmoja wa fiziotherapia alinifundisha: sogea kwenye ukingo wa kiti, rudisha miguu chini yako, inama mpaka kifua kipite magoti, kaza makalio, ndipo uinuke. Nilirudia mara nyingi kwa siku hadi mwili ukazoea kufanya hivyo bila kuambiwa.

Kuhusu mto wa kukalia, wengi hukimbilia pete ya mpira yenye tundu katikati, na mahali pengine bado ndiyo inayotolewa. Wataalamu wengi sasa wanapendelea mto wenye pengo upande wa nyuma, kwa sababu ukingo wa nyuma wa pete unaweza kugusa palepale panapouma. Mto huo hauhitaji kuagizwa mbali. Fundi magodoro mjini Lushoto alinikatia kipande cha sponji ngumu, unene wa inchi tatu, mraba wa kuenea kitini. Katikati ya ukingo wa nyuma tulikata pengo la upana wa vidole vinne, likaingia ndani kiasi cha kiganja. Ukikaa, kifandugu kinabaki hewani, hakigusi kitu. Mto niliushonea mfuko wa kitenge nikawa natembea nao kwapani, kanisani, ofisini, msibani. Watu walitazama siku mbili, wakazoea.

Siku mbili tatu za kwanza ni za baridi. Barafu haipo kila nyumba ya Irente, lakini maji ya huku mlimani yanatosha: kitambaa kilicholowekwa, dakika kumi na tano hadi ishirini, mara kadhaa kwa siku. Ukipata barafu, izungushie kanga, usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Baada ya hapo joto husaidia zaidi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Lala ubavu na mto katikati ya magoti. Usikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka na kutembea hatua chache. Dawa kama parasetamoli au ibuprofeni hupunguza makali, ila mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu na mjamzito wasijinunulie ibuprofeni bila kuuliza.

Na usimruhusu mtu asiyesomea akivute kifandugu au kukikandamiza "kirudi mahali pake". Nasema hivi kwa sababu nilishauriwa hivyo na watu wanaonipenda.

Je, wajua kwamba choo kigumu ni adui wa kifandugu? Misuli ya sakafu ya nyonga imejishikiza hapo, na kila unapojikamua unakivuta kifandugu chenye jeraha. Zipo dawa kali za maumivu, zile za jamii ya afyuni kama kodeini na tramadoli, ambazo zenyewe hufunga choo, hivyo mgonjwa anatulizwa kwa upande mmoja na kuumizwa kwa upande mwingine. Lushoto hatuna kisingizio cha kukosa mboga na matunda. Maharage, kabichi, karoti, peasi, parachichi, na kule kwenye shamba la KKKT Irente, maarufu kwa jibini na jamu zake, kuna mkate mzito wa unga wa rai. Vipande viwili vya mkate huo asubuhi na maji ya kutosha vilinisaidia sana. Choo cha kuchuchumaa nacho, ambacho wageni hukiona taabu, kina faida yake hapa: njia ya haja hunyooka, na kifandugu hakigusi popote. Weka tu kitu imara cha kushika wakati wa kuinuka.

Safari ni jambo zito kwa mtu wa Irente mwenye jeraha hili. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za kupanda kona baada ya kona, na bado kuna kipande cha kutoka mjini. Bodaboda iache kabisa wiki za mwanzo, kila shimo linagonga mlemle. Kwenye basi nilikaa mbele, mto chini yangu, mikono kwenye goti, nimeinama kama mtu anayesubiri kuitwa. Swala nayo iliwatatiza rafiki zangu Waislamu wenye tatizo hili mpaka walipogundua kwamba kikao cha tahiyatu, uzito ukiwa juu ya mguu uliokunjwa, kinawaumiza kidogo kuliko kiti. Na mgonjwa asiyeweza anaruhusiwa kuswali kwa namna anavyoweza.

Je, wajua kwamba eksirei ya kawaida inaweza isione chochote wakati mtu anaumia kweli? Daktari Jean-Yves Maigne wa Paris, katika miaka ya 1990, alianza kuwapiga wagonjwa wake picha mbili za ubavu: moja wamesimama, nyingine wamekaa katika mkao uleule unaowauma. Kisha akalinganisha. Kifandugu cha kawaida husogea digrii 5 hadi 25 mtu anapokaa. Kwa wagonjwa wengine kilipitiliza hapo, au kilichomoka mahali pake walipokaa na kurudi waliposimama. Ukiwapiga picha wamelala kitandani, kifandugu huonekana kimetulia mahali pake. Kwa hiyo ukiambiwa picha haina kitu, usikubali kwamba maumivu yako hayana kitu.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilileta somo jingine la sehemu hii. Karibu wanajeshi 80,000 wa Marekani walilazwa kwa majipu yanayoota kwenye ufa wa makalio, juu ya kifandugu, nywele zikiwa zimejichimbia chini ya ngozi. Wengi walikuwa wakitikiswa siku nzima ndani ya magari ya jeep, na mwaka 1944 ugonjwa ukapewa jina la gari hilo. Ni tatizo tofauti na la kuanguka, lakini mahali ni pamoja, na vijana wanaoendesha bodaboda kutwa wanapaswa kulijua. Ukiona uvimbe, wekundu, usaha au homa, hilo si la kukanda kwa maji ya moto. Nenda hospitali.

Kuna dalili nyingine zisizosubiri kesho. Ganzi kati ya mapaja, mkojo au haja kubwa kutoka bila kujua au kugoma kutoka, miguu kuishiwa nguvu. Hizo ni dalili kwamba neva zimebanwa juu zaidi kwenye uti wa mgongo, na saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea. Kutoka Irente unaanzia Hospitali ya Wilaya ya Lushoto. Kwa makubwa zaidi kuna Bombo mjini Tanga, KCMC Moshi, na MOI Dar es Salaam.

Waliopondeka tu hupona kwa takriban wiki nne, na waliovunjika huchukua wiki nane hadi kumi na mbili. Wagonjwa tisa kati ya kumi hupona bila kisu. Kwa wale ambao maumivu yanagoma, mara nyingi misuli ya sakafu ya nyonga imekaza na kukataa kulegea hata baada ya mfupa kupona. Mmarekani George Thiele aliandika kuhusu kuikanda misuli hiyo kwa ndani mwaka 1937, na fiziotherapia ya leo bado inafanya kazi hiyo, pamoja na mazoezi ya kupumua na kulegeza. Baada ya hapo kuna sindano za dawa ya ganzi na ya kupunguza uvimbe. Kukitoa kifandugu kwa upasuaji ni hatua ya mwisho, kwa wachache, kwa kuwa kidonda kinakuwa karibu mno na njia ya haja na huingia vijidudu kwa urahisi.

Mimi sikufika huko. Wiki ya saba nilikuwa nakaa saa nzima juu ya sponji. Wiki ya kumi nilitembea hadi ukingo wa Irente, pale mlima unapokatika ghafla na macho yanashuka kama mita elfu moja hadi Mazinde na mashamba ya mkonge. Nilikaa juu ya jiwe, nimekumbatia magoti. Watu karibu wote hukaa hivyo pale, wameinama mbele, na mkao huo unakipumzisha kifandugu.

Njiani kurudi nilimkuta yule bibi wa karoti. Nilimwamkia, akaitikia, akautazama mto uliokuwa kwapani mwangu. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye pengo.

"Huu unakatwa wapi?"

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema yeye anaumia hapo tangu alipomzaa kitinda mimba wake, ambaye sasa ana watoto wawili. Nikamuuliza hospitali walimwambia nini.

"Niliwaambia mgongo," akasema.

Tulikubaliana kwenda pamoja Lushoto siku ya Jumatatu, na kwamba neno atalisema mwenyewe. Mto aliutaka kabla ya hapo, wa benchi ya kanisani. Nilipima upana wa benchi kwa kamba, nikampelekea fundi. Alisisitiza pengo lake liwe kubwa kidogo kuliko langu.